Kufumua na Kuunda Upya: Injini za Malori ya Pemba na Istilahi Zake

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mafundi wa kisiwa cha Pemba walivyozihuisha injini za malori makongwe, na jinsi kazi hiyo ilivyokuza msamiati ambao sisi tunaoshughulika na istilahi hatuna budi kuuzingatia.

Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka Pemba. Kisiwa hiki si tambarare. Ni vilima na mabonde yanayofuatana, na barabara ya zamani ya kutoka Chake Chake hadi Wete hupanda na kushuka kwa kona nyingi. Katika njia kama hiyo injini iliyochoka haiwezi kujificha. Malori ya Kiingereza, hasa Bedford, yaliyoletwa visiwani katika karne ya ishirini, yalijengewa bodi za mbao na maseremala wa hapa, yakachukua abiria na magunia kwa pamoja.

Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na fedha za kigeni zikaadimika nchini. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu iliporomoka, kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkuu, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake. Mwaka 1986 kampuni ya General Motors, iliyomiliki Bedford, ilitangaza kuacha kuunda malori makubwa huko Uingereza. Lori jipya halikupatikana, na spea zilikuwa adimu. Ikabidi injini ile ile ifumuliwe.

Neno hili kufumua lastahili kutazamwa. Mfumaji hufuma, na aliyekosea hufumua. Nywele zilizosukwa nazo hufumuliwa. Ni mnyambuliko ule ule wa funga na fungua, ziba na zibua. Fundi anaposema amefumua injini, haelezi kuvunja. Anaeleza kukitengua kitu kwa utaratibu ili kiweze kuundwa tena. Mtu asiyejua makenika ataielewa maana hiyo mara moja, na hiyo ndiyo sifa ya istilahi njema.

Baada ya kufumua, fundi hupima. Silinda iliyolika huchongwa hadi iwe duara kamili, kisha hutiwa pistoni na ringi za ovasaizi. Valvu husagwa katika viti vyake ili zizibe barabara. Silinda hedi iliyopinda husawazishwa, na mara nyingine hupunguzwa kidogo zaidi ili mchanganyiko wa hewa na petroli ushindiliwe katika nafasi ndogo zaidi na kutoa nguvu kubwa. Jambo hili lina mpaka wake: mshindilio ukizidi uwezo wa petroli iliyopo, injini hugonga, na pistoni zaweza kuharibika.

Je, nguvu iliyoongezeka ilikuwa kiasi gani? Tuchukue injini ya Bedford ya petroli yenye silinda sita na ujazo wa inchi za ujazo 214, yaani lita 3.5 hivi. Kipenyo cha silinda yake ni inchi 3.375. Kikiongezwa kwa elfu 60 za inchi, ujazo hukua kwa asilimia 3.6 tu. Ni dhahiri basi kwamba lori lililoweza tena kupanda kilima na magunia yake halikupata nguvu mpya kutokana na ujazo huo. Lilirudishiwa nguvu iliyokuwa ikivuja kwenye ringi na valvu. Kwa hiyo mfasiri asichanganye kurejesha nguvu na kuongeza nguvu: ni kazi mbili, gharama mbili, na ahadi mbili kwa mwenye gari.

Nasi hatukusalimika na kosa. Katika tafsiri moja ya maelekezo ya ufundi tulitumia neno nafasi kwa mambo mawili: uwazi uliopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na tofauti ya kipimo inayoruhusiwa katika uchongaji. Mzee mmoja wa gereji aliisoma, akatuuliza, "Wanangu, nafasi hii ni ipi?" Hatukuwa na jibu. Pistoni hutanuka kwa joto. Iliyokosa uwazi wa kutosha hukwama, na injini ikanoki. Lori likilala katika msimu wa mavuno, mkulima ndiye anayelipa gharama ya uzembe wetu wa maneno.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, usanifishaji wa istilahi umekuwa dhamana ya watumishi kama sisi. Tunapendekeza kufumua kwa kutengua injini, kuunda upya kwa kuirudisha, mshindilio kwa kule kubanwa kwa mchanganyiko, upenyo kwa uwazi wa pistoni, na stahamala kwa tofauti ya kipimo inayoruhusiwa. Pistoni, ringi, valvu na gasketi zibaki kama zilivyo, kwa sababu zimekwisha kuwa Kiswahili katika vinywa vya wenye kazi, kama parafujo na bomba zilivyotoka kwa Wareno na leo hakuna azionaye ngeni.

Mafundi waliojifunza kwa malori yale wanapungua kila mwaka. Wasomaji wetu walio walimu na wafasiri, kabla ya kubuni neno ofisini, waende kwanza gereji wakasikilize.