Taka za plastiki: Kutoka mitaro ya Dagoretti hadi meza ya mataifa

MTO Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, kisha hupitia Dagoretti, Kawangware na Chiromo kabla ya kuingia katikati ya jiji. Ukiisha kuliacha jiji, huungana na Mto Athi, na maji yake huishia katika Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi, ambako mto huo hujulikana kama Sabaki.

Kwa hivyo chupa inayotupwa mtaroni Dagoretti wakati wa masika yaweza kufika baharini, na huko sheria ya nchi moja haina nguvu ya kuifuata. Plastiki haiozi, hukatikakatika hadi ikawa chembe ndogo ambazo samaki huzimeza. Ndiyo maana uchafuzi huu huhesabiwa pamoja na mabadiliko ya hali ya hewa na kuangamia kwa viumbe kuwa tatizo la ulimwengu mzima.

Zaidi ya tani milioni 400 za plastiki hutengenezwa duniani kila mwaka. Kiasi kinachorejelewa na kutumiwa tena hakifiki asilimia kumi ya taka zake.

Jiji lenye dhamana

Nairobi ina nafasi ya pekee katika suala hili. Baada ya mkutano wa Stockholm wa Juni 1972, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda Shirika la Mazingira (UNEP) mnamo Desemba 15 mwaka huo na kuamua makao yake makuu yawe Nairobi. Lilikuwa shirika la kwanza la umoja huo kuwa na makao makuu katika nchi inayostawi. Lilianzia kazi katika jumba la mikutano la KICC katikati ya jiji kabla ya kuhamia Gigiri.

Ushindi wake unaojulikana zaidi ni wa tabaka la ozoni, linalozuia miale hatari ya jua. Chini ya uongozi wa Mmisri Mostafa Tolba, UNEP ilisimamia mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Montreal wa Septemba 16, 1987. Mkataba huo uliweka ratiba ya kuacha kutengeneza kemikali zilizotumiwa katika majokofu na mikebe ya kupulizia, ukaanzisha hazina ya kuzisaidia nchi maskini, na ukazuia biashara ya kemikali hizo na nchi zilizokataa kujiunga. Takriban asilimia 99 ya kemikali hizo zimeondolewa, na wanasayansi wanatarajia tabaka hilo kurejea hali ya mwaka 1980 katika sehemu kubwa ya dunia kufikia 2040.

Marufuku ya 2017

Kuhusu plastiki, Kenya haikungoja mkataba. Ilijaribu kuzuia mifuko myepesi mwaka 2007 na tena 2011, lakini hatua hizo hazikufua dafu. Wakati huo mifuko iliziba mitaro na kusababisha mafuriko mitaani, na wakaguzi wa nyama katika vichinjio vya Nairobi waliikuta ndani ya matumbo ya ng'ombe. Dagoretti, ambako vichinjio hulisha sehemu kubwa ya jiji, tatizo hilo halikuwa la kusimuliwa.

Mnamo Agosti 28, 2017, marufuku kamili ya mifuko ya kubebea bidhaa ilianza kutekelezwa. Anayepatikana na hatia hutozwa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au hufungwa kati ya mwaka mmoja na miaka minne, au adhabu zote mbili. Wauzaji wa mboga na nyama walilazimika kutafuta vikapu, karatasi na mifuko ya kitambaa.

Hata hivyo, marufuku hayo hayakugusa chupa za maji na soda. Aidha, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) imelalamika mara kwa mara kuhusu mifuko inayoingizwa kwa magendo kutoka nchi jirani. Rwanda ilikuwa imepiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, na Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini Uganda haijafaulu kutekeleza marufuku yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mazungumzo yaliyokwama

Machi 2, 2022, wajumbe wa mataifa 175 waliokutana Gigiri walipitisha azimio la kuandaa mkataba wenye nguvu za kisheria wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Mswada uliokuwa msingi wa azimio hilo uliwasilishwa na Rwanda na Peru. Mazungumzo yalipangwa kukamilika mwishoni mwa 2024.

Hayakukamilika. Kikao cha Busan, Korea Kusini, kilimalizika Desemba 2024 bila mwafaka, na kile cha Geneva cha Agosti 2025 vilevile.

Kiini cha mvutano ni kimoja. Kundi linaloongozwa na Norway na Rwanda lataka mkataba uweke kikomo cha utengenezaji wa plastiki. Nchi zinazozalisha mafuta, zikiwemo Saudi Arabia, Kuwait na Urusi, zashikilia kwamba mkataba ushughulikie taka pekee, kwani plastiki nyingi hutokana na mafuta na gesi. Kwa kuwa maamuzi yamekuwa yakifikiwa kwa maafikiano ya wote badala ya kura, nchi chache zaweza kuzuia nyingi.

Tofauti hiyo ina uzito kwa wakazi wa kandokando ya mto. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yawataka wananchi watenganishe taka, na yawabebesha watengenezaji wajibu wa kushughulikia mabaki ya bidhaa zao. Lakini bila kikomo cha utengenezaji, kaunti zitaendelea kugharimia uzoaji wa taka zinazoongezeka kila mwaka, na zisizozolewa zitachukuliwa na Mto Nairobi hadi Sabaki.