Baiskeli za jiji ni za wote? Uliza kadi kwanza

Wadau, kuna mshikaji wangu alikuwa katika jiji moja la Ulaya, akakuta baiskeli zimejipanga kituoni, nzuri kabisa, na hakuweza kuchukua hata moja. Si kwamba alikuwa kapigika, noti alikuwa nazo mfukoni. Hakuwa na kadi ya benki. Mimi nikakumbuka fundi wa kona kule mtaani kwetu. Alitukodisha Phoenix kwa nusu saa, dhamana ni ndala zako, na kama anamjua mama yako basi hata ndala unabaki nazo.

Mambo haya yalianzia Amsterdam mwaka 1965. Vijana wa kundi la Provo, wakiongozwa kwa wazo hili na Luud Schimmelpennink, walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli. Yeyote achukue, akifika aiache. Polisi wakazizoa, eti sheria inakataza kuacha baiskeli bila kuifunga! Mwaka 1995 Copenhagen wakaja na ujanja mwingine: unatumbukiza sarafu ya kroner 20, baiskeli inafunguka, ukiirudisha na sarafu yako unaipata. Hapo hata mwanafunzi anapanda. Shida ni kwamba sarafu haina jina la mtu, kwa hiyo wezi walijipatia.

Dawa ya wizi ikawa kadi, na hapo ndipo mlango ulipofungwa. Vélib' ya Paris ilipoanza Julai 2007, tiketi ya siku ilikuwa euro 1 tu na nusu saa ya kwanza bure. Ukisikia bei unasema hii ni ya walalahoi. Lakini ilikuwa lazima uwe na kadi yenye kuweza kubeba dhamana ya euro 150. Sasa kibarua anayelipwa taslimu ataitoa wapi?

Waliolishika hili vizuri, kwa maoni yangu, ni Philadelphia, Marekani. Mradi wao wa Indego ulianza Aprili 2015 na tangu mwanzo uliruhusu kulipa keshi: unajisajili, unapewa msimbo, unaenda nao dukani, unampa muuzaji hela zako, basi. Mwaka ule ule vituo vingine viliwekwa mitaa ya watu wa kipato cha chini, havikusubiri awamu ya pili. Mwaka 2016 wakaongeza bei ya dola 5 kwa mwezi kwa wenye kadi ya msaada wa serikali. New York nako Citi Bike ina punguzo la aina hiyo kwa wapangaji wa nyumba za umma. Ila angalia ramani: ilianza Mei 2013 Manhattan ya kusini na sehemu za Brooklyn, na Bronx, moja ya sehemu zenye maskini wengi, ilifikiwa mwaka 2020. Miaka saba! Punguzo bila kituo karibu na kwako ni karatasi tu.

Baiskeli za umeme zimeleta kingine. Zinamfaa hasa anayeishi mbali au mlimani, na huyo mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Lakini miji mingi inatoza kwa kila dakika juu ya ada ya kawaida, kwa hiyo wa mbali analipa zaidi ya wa katikati ya mji. Mimi hapa naona mahesabu yamekaa kichwa chini miguu juu.

Kwetu Afrika Mashariki, Kigali walizindua Guraride Septemba 2021. Sisi kadi za benki si ishu sana, kuna pesa za simu hadi kijijini. Swali ni mwenye kitochi asiye na simu ya programu: naye atafungua baiskeli kwa kubonyeza nyota na reli, au atabaki na fundi wa kona?

Wadau wa Kigali mliowahi kupanda, tupeni hali halisi hapo chini.