Mahitaji ya nani?

Katika Kiswahili cha uchumi, neno mahitaji limebebeshwa maana mbili. Kwa mwananchi wa kawaida, mahitaji ni vitu ambavyo maisha hayaendi bila kuwa navyo: chakula, maji, dawa, mtu wa kukuhudumia ukiugua. Kwa mchumi anayeeleza ugavi na mahitaji, ni kiasi ambacho mnunuzi yuko tayari kukilipia kwa bei fulani. Sokoni kwenye nyanya, maana hizo hukaribiana na haumii mtu. Kwenye soko la ajira ya wauguzi zimeachana mbali, na anayeumia ni mgonjwa.

Itazame wodi ya wazazi usiku, muuguzi akiwa peke yake kwenye zamu. Anapima presha, anabadilisha dripu, anaitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu, faili la mgonjwa wa kitanda cha mwisho linabaki halijajazwa. Kwa maana ya kwanza, wodi ile inahitaji wauguzi watatu au wanne. Kwa maana ya pili inahitaji mmoja tu, kwa kuwa mshahara uliotengwa ni wa mmoja. Hivyo ndivyo nchi inavyoweza kulia uhaba wa wauguzi huku wahitimu wenye vyeti na leseni wakikaa nyumbani. Julai 2021 Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza yaliyowafungulia wauguzi wake wasio na ajira njia ya kwenda kufanya kazi huko, ilhali wodi za nyumbani bado zilikuwa na upungufu.

Watumishi wa serikali Tanzania wana neno linaloifichua siri hii: ikama. Ni idadi ya watumishi walioidhinishwa kwa taasisi, kada kwa kada, na huandaliwa sambamba na bajeti ya mishahara. Daktari anahesabu wagonjwa; afisa utumishi anaangalia ikama na kibali cha ajira. Kila mmoja akisema “mahitaji yetu”, hawasemi jambo moja.

Lipo pia suala la nani ananunua. Mwaka 1933 mwanauchumi Joan Robinson wa Cambridge aliandika kuhusu soko lenye mnunuzi mmoja, ambaye kwa kukosa mshindani huweza kuajiri wachache na kuwalipa chini ya thamani ya kazi yao. Tunaweza kuliita ukiritimba wa mwajiri. Muuguzi wa wilayani, ambako mwajiri mkubwa ni serikali, analijua bila kusoma kitabu: akikataa masharti, mwajiri wa pili yuko mbali, pengine ng’ambo.

Neno linaloniuma zaidi ni kujitolea. Kujitolea ni sifa njema ya mtu anayetoa kwa hiari. Lakini mhitimu anayepangiwa zamu, akavaa sare na kukesha na wagonjwa mwezi baada ya mwezi kwa posho ya nauli, akiomba ajira itangazwe, hajitolei. Anafanya kazi bila mshahara. Kumwita wa kujitolea ni kumvisha sifa badala ya kumlipa haki yake, na pia ni kumwondoa kwenye hesabu ya wasio na ajira.

Lugha yetu haikosi maneno ya kutenganisha mambo haya. Tuseme uhitaji kwa kile ambacho wagonjwa wanastahili, na mahitaji kwa kile ambacho mwajiri ametenga fedha za kukilipia. Tofauti ya viwili hivyo tuiite pengo la bajeti. Tukiiita uhaba wa wauguzi, wa kulaumiwa huwa vyuo, au vijana wanaokwenda nje, wakati uamuzi umefanyika kwenye meza ya bajeti.

Waandishi wa habari, wabunge na walimu wa uchumi, nawaomba: kila mnapoandika kwamba wauguzi ni haba, semeni pia ni wangapi wanasubiri kuajiriwa.