Wasia wa Kinywa na Wasia wa Kalamu



Wahenga walinena: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani neno hilo lawahusu wafanya biashara peke yao, lakini karani wa chama huliona likitimia zaidi katika nyumba ya marehemu. Kwa hiyo naomba nafasi katika taarifa hii nieleze jinsi wasia ulivyotoka kinywani ukaingia katika karatasi hapa Kenya.

Zamani neno la mzee lilitosha. Kwa Wakikuyu, agizo la mzazi aliyekaribia kufa liliitwa kirumi, na aliyelivunja alihofia laana. Huko pwani Waislamu walifuata mafungu ya Kurani, wala mtu hakuweza kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake. Katika siku za ukoloni kila jamii iliwekewa sheria yake ya urithi. Mali ya Mwafrika ilirithiwa kwa mila hata kama amebatizwa; mahakama iliamua hivyo mwaka 1912. Sheria ya kumruhusu Mwafrika kuusia mali yake kwa maandishi ilitungwa mwaka 1961.

Baada ya Uhuru, Serikali iliteua tume mwaka 1967 ili kuziunganisha sheria hizo. Sheria ya Urithi ikapitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mwaka 1990 ilirekebishwa ili mirathi ya Waislamu ifuate sheria ya dini yao.

Sheria hiyo haikuudharau wasia wa kinywa, ila iliuwekea mpaka. Sharti usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki katika muda wa miezi mitatu. Akiishi zaidi, maneno yake hayana nguvu. Namkumbuka mzee mmoja aliyewaita wenzake, akamtengea mkewe mdogo shamba la kumlea mtoto wake wa pekee. Mungu akamjalia mwaka mzima tena. Alipofariki, wazee walikumbuka kila neno, lakini mahakamani halikufaa kitu. Mali iligawanywa kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, na yule mjane akapata sehemu ndogo kuliko aliyoahidiwa.

Wasia wa kalamu hauna mpaka wa miezi. Mwenyewe hutia sahihi au alama yake, na mashahidi wawili wakatia zao. Inafaa wasiwe miongoni mwa wanaorithi. Akifa, msimamizi aliyetajwa huupeleka wasia mahakamani. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 kujitokeza. Kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita, ndipo mali igawanywe. Anayejitwalia mali ya marehemu kabla ya kupewa idhini anatenda kosa. Wala mtu asidhani kwamba kalamu yaweza kumtupa mke au mtoto: mahakama ina uwezo wa kuamuru apewe riziki ya kumtosha.

Ndugu zangu, chama hiki hununua jeneza na kuwafariji wafiwa, na kazi hiyo huisha kwa siku chache. Ugomvi wa shamba hudumu kizazi kizima. Basi kila mwanachama, kabla ya mkutano wetu ujao, aketi na mashahidi wake wawili, aandike. Neno la mzee li hai maadamu limeandikwa.

Ni mimi, karani wenu.