Sisimizi kichwa-kikubwa: Mtambue hivi

Sisimizi wote wadogo ni wale wale? Hapana. Pheidole ni jenasi unayoweza kuijua kwa kuwatazama wafanyakazi wake tu. Chukua lenzi, angalia haya:

• Kichwa: kiota kimoja kina wafanyakazi wa aina mbili, wadogo wa kawaida na "askari" wenye kichwa kikubwa kupita kiasi.
• Vipapasio: kwa kawaida pingili 12, tatu za mwisho zimenenepa kama rungu.
• Kiuno: vifundo viwili.

Usimchanganye na Crematogaster. Huyo naye ana vifundo viwili, ila tumbo lake lina umbo la moyo, na akichokozwa hulibinua juu.

Kwa nini ujali? Huko Laikipia, Kenya, Pheidole megacephala, mgeni kutoka nje, anawaua Crematogaster wanaoilinda migunga. Mti ukikosa walinzi, tembo wanauvunja. Vichaka vikiisha, simba hawana pa kujificha wakiwinda pundamilia. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2024 ulionyesha kuwa simba wa Ol Pejeta sasa wanawinda nyati zaidi.

Yote hayo, chanzo ni mdudu wa milimita chache tu.