Mpira wa Oili

Kwa Kiswahili neno moja, mpira, linatosha kutaja mti, utomvu wake, kitu cha kupigwa teke uwanjani na bomba laini la kupitishia maji au mafuta. Mafundi wa gereji huongeza jina la kinachopita ndani: mpira wa petroli, mpira wa breki, mpira wa oili. Huu wa mwisho vijana wengi wanaotengeneza bodaboda hawajawahi kuubadilisha. Pikipiki ndogo wanazozijua huweka oili chini ya injini yenyewe, haina haja ya kutoka nje.

Pikipiki ya babu yangu ni ya kizazi kingine. Ni BSA M20 ya Birmingham, Uingereza, injini ya sentimita za ujazo karibu 500. Zaidi ya 120,000 za aina hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Babu aliinunua imeshatumika, mwishoni mwa miaka ya hamsini, kwa mzungu mmoja wa shamba la chai Mufindi. Oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni. Pampu huivuta kwa bomba moja hadi kwenye injini na kuirudisha kwa bomba la pili. Kwenye hii yetu, mabomba yote mawili yamekuwa ya mpira tangu nilipoanza kuijua.

Mabomba hayo ndiyo uhai wake. Likivuja kwa nje, utaona doa chini na utajua. La hatari ni bomba linaloharibika kwa ndani. Mpira wa asili na oili havipatani: mpira huinywa oili, ukavimba, ukalainika, njia ikabana. Kwa nje linaonekana zima, lakini pampu ikivuta, kuta zake zinakutana. Beringi ya konrodi inakauka na baada ya kilomita chache injini imenoki. Ndiyo maana familia ilipoanza kusema iuzwe kama chuma chakavu, niliomba kwanza nifungue bomba la kuvutia oili. Nilitaka kujua kama ndani ya injini bado kuna cha kuokoa.

Nililifungulia Iringa, kwenye ua wa nyumba yetu Kihesa, na nilikuta matabaka matatu.

La juu lilikuwa kanda za tyubu ya baiskeli, zimezungushwa na kukazwa kwa waya. Hiyo ni kazi ya miaka ya themanini, baba mkubwa alipokuwa anafanya kazi Mbeya na pikipiki akiwa nayo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula fedha za kigeni, mafuta yamepanda bei duniani, na spea hazipatikani. Hata kule zilikotoka mambo yalikuwa yamekwisha: kampuni ya BSA ilianguka mwanzoni mwa miaka ya sabini. Fundi wa Mwanjelwa aliyezifunga kanda zile yuko hai, na nilimpigia simu.

"Kamwene, mzee," nilimwamkia kwa Kihehe, maana ni mtu wa kwetu aliyelowea Mbeya.

"Kamwene, mjukuu. Ile tyubu bado ipo? Nilimwambia baba yako mkubwa ni ya wiki mbili tu!"

Kisha akanieleza alichokuwa anafanya. Tyubu nayo huharibiwa na oili, lakini ukiifunga kwa nje ya bomba, oili huchelewa kuifikia. Alikuwa ananunua muda, siku kwa siku, mpaka bomba lipatikane. Halikupatikana.

Chini ya tyubu palikuwa na bomba jeusi, nene, lenye nyuzi katikati ya kuta zake. Mzee alilitambua kwa maelezo tu: mpira wa dizeli wa lori. Hapo historia ya nyanda zetu inaingia moja kwa moja kwenye tangi la babu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Rhodesia. Mwezi uliofuata Uingereza iliiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, naye Smith akaikatia Zambia mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake. Zambia ikageukia Dar es Salaam. Mafuta yalisafirishwa kwa ndege, na kwa mapipa juu ya malori yaliyopita Iringa, Mbeya na Tunduma, kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Madereva wa Kiingereza waliiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kusukuma mafuta hadi Ndola.

Malori yale yaliharibika njiani, na palipoharibika lori palizaliwa gereji. Mzee alijifunza ufundi hivyo, akiwa kijana anayeshika taa usiku wakati madereva wanafungua injini. Lori likiondoka liliacha mabaki, na kati ya mabaki hayo mpira wa dizeli ulikuwa dhahabu, kwa kuwa ulitengenezwa kwa mpira usiogopa mafuta. Wajerumani walivumbua aina mojawapo, naitraili, katika miaka ya thelathini.

Tabaka la tatu lilikuwa kipande kifupi tu, urefu wa kidole gumba, kimeng'ang'ania mdomo wa tangi. Kiligeuka lami mkononi. Huo ulikuwa mpira wa mti, ambao babu aliukuta.

Mpira wa mti tuliujua kabla ya pikipiki. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa kusini walikusanya utomvu wa mitoria ya porini na kuuuza pwani. Wajerumani nao walipanda mpira wa Brazili upande wa Muheza na Tanga, mti ambao ni ndugu wa muhogo. Bei iliporomoka mwaka 1913, mpira wa mashamba ya Asia ulipojaa sokoni, na mashamba mengi yakaachwa. Mti wenyewe haukuondoka: majani yake tunayala mpaka leo, kisamvu cha mpira.

Februari 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani, na Uingereza ikapoteza mpira wa Malaya. Mashamba yale yaliyoachwa Tanganyika yakafufuliwa, na wanaume wakaandikishwa kwa nguvu ya sheria kwenda kugema. Kaka yake babu alipelekwa Tanga miaka hiyo. Aliporudi, alisema babu, hakupenda kuzungumzia habari za huko, isipokuwa baridi ya alfajiri, maana mpira hugemwa kabla jua halijawaka.

Pikipiki yetu nayo ina kumbukumbu ya mwaka ule. Mishikio ya usukani wake imefunikwa turubai, na sehemu za kukanyagia ni chuma kitupu. Wengi wakiiona husema ni viraka vya umaskini. Ndivyo ilivyotoka kiwandani: mpira ulikuwa haba, jeshi likauweka pale tu ambapo hakuna kitu kingine kingefaa, kama kwenye matairi na mabomba.

Baba mdogo alitaka tutafute bomba la zamani kama lile la kwanza, ili pikipiki ibaki na asili yake. Mzee alicheka kwenye simu. "Asili ipi? Mpira ni kama chakula, unaliwa. Weka unaovumilia oili, andika tarehe, baada ya miaka mitano toa." Nilimsikiliza. Nilinunua naitraili yenye tundu la milimita nane, nikaikata kwa wembe ili ncha zisiache vumbi la mpira, nikaipitisha mbali na ekzosi bila kuipinda, nikaikaza kwa klipu. Kisha nikaijaza oili kabla ya kupiga kiki, ili pampu isianze kwa kuvuta hewa. Injini ilikuwa haijanoki. Kifuniko cha tangi kilipofunguliwa, oili ilionekana ikirudi kwa vipigo vifupi.

Bomba la lori nimelipasua kwa urefu na kulihifadhi pamoja na kanda za tyubu. Kipande cha tatu hakihifadhiki. Kinaendelea kuyeyuka ndani ya chupa. Kwenye chupa nimeandika jina la kaka yake babu, kwa kuwa sijaliona limeandikwa mahali pengine popote. Mwezi ujao Mzee anakuja Iringa. Amesema niwaite vijana wa bodaboda wa Kihesa, na niliache bomba la pili, la kurudishia oili, wakalibadilishe wao.