Fileti: uzi wa Kifaransa katika samaki wa Ziwa Victoria

NENO fileti, linalosikika Kisumu na viungani mwake kama Nyamasaria, asili yake ni Kifaransa: filet, yaani uzi mwembamba, kutokana na fil, uzi, ambalo nalo limetoka Kilatini. Jikoni likawa na maana ya kipande cha nyama au samaki kisicho na mfupa. Waingereza walilichukua tangu Enzi za Kati, na kwa kuwa wao huitamka ile t ambayo Mfaransa huimeza, nasi tukalipokea likiwa nayo. Wala Kiswahili hakikuwa na upungufu, kwani mnofu ndio huo huo.

Kandokando ya ziwa neno hili lilipata uzito katika miaka ya 1980, viwanda vilipoanza kukata minofu ya mbuta na kuiuza Ulaya. Fileti ikaenda ng'ambo. Kichwa na mifupa, pamoja na nyama kidogo iliyosalia, vikabaki kuwa kitoweo cha wasioumudu mnofu. Hukaangwa katika mafuta mengi, hasa mtaani Obunga, na huitwa mgongo wazi.